Kusikia, Kusikiliza na Kusikilizana: Idadi ya Wasikilizaji na Mafanikio ya Mchezo wa Redio Masisi na Walikale

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipima kazi ya sanaa kwa fani na maudhui yake. Mchezo wa redio, hata hivyo, humfikia mhakiki ukiwa umekwisha kupimwa na watu wengine, tena kwa kipimo ambacho taaluma ya fasihi haikukibuni, yaani idadi ya wasikilizaji. Kabla sehemu ya kwanza ya mchezo haijapata mhakiki hata mmoja, ripoti imekwisha kuandikwa kwamba umesikilizwa na asilimia fulani ya kaya katika mji fulani, na kwa hiyo umefanikiwa. Makala haya yanalichunguza hilo "kwa hiyo". Yanafanya hivyo kwa kuangalia maeneo mawili ya Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale, ambako mchezo wa redio haukutungwa kwa ajili ya kuburudisha tu, na ambako kukosea katika kupima mafanikio yake ni jambo linaloweza kuwadhuru watu.

Mchezo utakaotumiwa kama mfano ni Kumbuka Kesho, uliotayarishwa na Radio La Benevolencija, shirika lenye makao yake Uholanzi, kwa ajili ya wasikilizaji wa mashariki mwa Kongo. Ni ndugu wa Musekeweya, mchezo wa Kinyarwanda ulioanza kurushwa hewani Rwanda mwaka 2004. Michezo yote miwili ilijengwa juu ya nadharia moja, inayonasibishwa na mwanasaikolojia Ervin Staub, kwamba mauaji ya halaiki hayazuki ghafla bali hupanda hatua kwa hatua, na kwamba mtu wa kawaida akizitambua hatua hizo anaweza kukataa kuzipanda. Hivyo dhamira ilikuwapo kabla ya hadithi. Mhakiki aliyelelewa katika mijadala ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970 hatashangazwa na hilo, kwani fasihi ya Azimio nayo ilitungwa hivyohivyo, na wapo waliosema kwamba ndiyo sababu kazi zake nyingi zilichosha upesi. Lakini mchezo wa redio hauna ruhusa ya kuchosha. Msikilizaji akichoka anazungusha kitufe, na betri ni ghali.

Jina la mchezo linastahili kuzingatiwa kwanza. Katika matumizi ya kawaida kitenzi kumbuka huelekea nyuma. Mtu hukumbuka jana, hukumbuka marehemu, hukumbuka deni. Kukiambatanisha na kesho ni kukilazimisha kitenzi kigeuze uso. Inaweza kujibiwa kwamba kumbuka pia ina maana ya kutosahau jambo lijalo, kama katika "kumbuka kikao cha kesho", na jibu hilo ni sahihi. Lakini hata hapo kinachokumbukwa ni ahadi iliyokwisha kutolewa. Jina hili linamtaka msikilizaji aikumbuke kesho ambayo hajaahidiwa na mtu yeyote. Kama jina la kazi ya sanaa ni zuri sana, na ndani yake limo tatizo lote la mchezo wenyewe, kama itakavyoonekana baadaye: msikilizaji wa Masisi akiambiwa "kumbuka", ni upande upi atakaouelekea kwanza?

Masisi ni nchi ya milima na malisho, magharibi mwa Goma, inayoanza kupanda mara tu baada ya Sake. Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu unaoteremka kuelekea Kisangani. Humo wanaishi Wahunde, Wanyanga, Wakano, Watembo, Wahutu, Watutsi na wengine, na Kiswahili ndicho lugha wanayokutania sokoni, migodini na njiani. Soko ndiko vita vilikoanzia. Mwezi Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale, na kwa muda mfupi mapigano yakaenea Masisi. Waliouawa walihesabiwa kwa maelfu. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na pamoja nao waliohusika na mauaji ya halaiki ya huko. Tangu hapo majina ya majeshi yamebadilika mara nyingi kuliko majina ya vijiji.

Ukumbusho huo unatosha kuonyesha kwa nini wingi wa wasikilizaji peke yake hauwezi kuwa sifa. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa na wasikilizaji wengi na iliwapendeza. Ilikuwa na muziki mzuri, mzaha, sauti changamfu na watangazaji walioongea kama watu wa mtaani. Kwa kipimo cha idadi ilifaulu. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waliokuwa viongozi wake. Miaka kadhaa baadaye mwanauchumi David Yanagizawa-Drott alifanya uchunguzi, uliochapishwa mwaka 2014, akilinganisha maeneo ambako mawimbi ya RTLM yalifika na yale ambako vilima viliyazuia, na akakadiria kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo. Wengine, kama Scott Straus, walikwisha kuonya mapema zaidi kwamba nguvu ya redio isikuzwe kupita kiasi. Ubishi huo hauhitaji kuamuliwa hapa. Linalohitajika ni kuona kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kufikiwa na mawimbi ni jambo moja, na kile mtu anachokifanya baada ya kufikiwa ni jambo lingine linalotaka kuchunguzwa peke yake.

Kusikia katika Kiswahili cha Kivu

Lugha yenyewe inatoa msaada ambao wataalamu wa takwimu hawajautumia. Kiswahili kina kitenzi sikia, na katika Kiswahili cha Kivu kitenzi hicho kimebeba mzigo mkubwa kuliko kinavyobeba pwani. Mtu husikia sauti. Husikia njaa, baridi na uchungu. Na husikia lugha, yaani huielewa. Anayesema "nasikia Kihunde kidogo" hasemi kwamba sauti za Kihunde zimepita masikioni mwake. Anasema kwamba anaielewa lugha hiyo kwa kiasi. Zaidi ya hapo ipo maana ya kutii, iliyohifadhiwa katika methali ya asiyesikia la mkuu. Kwa hiyo mhojaji anayefika Kitshanga au Pinga na hojaji yake, akauliza kama mtu anausikia mchezo fulani, ameuliza maswali manne kwa mpigo. Jibu la "ndiyo, nausikia" laweza kuwa na maana kwamba redio ya jirani hupiga kelele saa ile. Au kwamba lugha ya mchezo inaeleweka. Au kwamba mchezo unagusa moyo. Au kwamba mafundisho yake yanafuatwa. Ripoti itaandika alama moja tu, na kwa kawaida itaisoma kwa maana inayompendeza mfadhili.

Unyambulishaji wa kitenzi hicho unaendelea kufundisha. Kutoka sikia hupatikana sikiliza, yaani kutega sikio kwa makusudi, na kutoka sikiliza hupatikana sikilizana. Watu wasiosikilizana si viziwi. Ni watu wasioelewana wala kupatana. Mashariki mwa Kongo neno masikilizano hutumika kwa maana ya maafikiano, na husikika kanisani, katika mikutano ya machifu na katika hotuba za wanasiasa. Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Lengo la Kumbuka Kesho, na la kila mchezo wa aina yake, ni masikilizano. Kinachopimwa ni usikilizaji. Kati ya viwili hivyo kuna kiambishi kimoja tu, -an-, lakini kiambishi hicho ni cha kutendana, na kutendana kunahitaji watu wawili.

Lipo pia suala la aina ya Kiswahili. Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose, katika kitabu chao cha mwaka 2016 juu ya Kiswahili cha Kivu, wameonyesha jinsi lahaja hiyo ilivyo na sarufi yake yenyewe, si Kiswahili sanifu kilichokosewa. Watu husema batu, bintu, niko mwalimu. Mtunzi wa mchezo wa redio ana njia mbili, na zote zina gharama. Akiwapa wahusika wake Kiswahili sanifu, watasikika kama watu wa serikalini au wa Tanzania, na mhusika mwovu na mhusika mwema watafanana kwa sauti. Akiwapa Kiswahili cha Kivu, itambidi aamue ni cha nani: cha Goma mjini, cha mchimbaji wa Bisie, au cha mfugaji wa Masisi ambaye nyumbani huzungumza Kinyarwanda? Mahali ambapo lafudhi hutosha kumfanya mtu ashukiwe kizuizini, uchaguzi wa lafudhi ya mhusika ni uchaguzi wa upande. (Ni ajabu kwamba ripoti nyingi za usikilizaji husema tu "lugha: Kiswahili", kana kwamba hapo hapana la kuuliza.)

Nani anahesabiwa

Hesabu ya wasikilizaji hufanywa kwa njia inayofahamika. Huchaguliwa watu wachache, huulizwa walichosikiliza jana au wiki iliyopita, hupatikana asilimia, na asilimia hiyo huzidishwa kwa idadi ya watu wa eneo. Ndipo hutokea zile ripoti zinazotaja mamilioni. Kongo, hata hivyo, ilifanya sensa yake kamili ya mwisho mwaka 1984. Kila idadi ya watu wa Masisi iliyotumika tangu hapo ni makisio yaliyojengwa juu ya makisio, kwa nchi ambayo imepitiwa na vita vya 1993, 1996, 1998 na vyote vilivyofuata. Asilimia sahihi ikizidishwa kwa idadi isiyojulikana haizai idadi inayojulikana. Hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona, na bado mamilioni hayo hunukuliwa bila tahadhari.

Tena watu wenyewe hawatulii. Mtu wa Masisi aliyehojiwa mwaka 2023 huenda alihojiwa Bulengo au Lushagala, katika kambi za pembezoni mwa Goma, ambako mawimbi ya stesheni za mjini ni ya karibu na redio ni nyingi. Januari 2025 Masisi na Goma ziliangukia mikononi mwa M23. Februari wakimbizi wakaamriwa kurudi walikotoka na kambi zikabomolewa. Machi Walikale-mjini ikatwaliwa nayo, na kuachwa baada ya wiki mbili hivi. Mtu yuleyule, akiwa amerudi upande wa pili wa mlima, huenda sasa hapati sauti yoyote. Katika ripoti atakuwa msikilizaji aliyepotea, na mtayarishaji atajiuliza ni kasoro gani ya mchezo iliyomfukuza.

Mawimbi ya masafa ya FM husafiri moja kwa moja kama mwanga, na penye mlima hufanya kivuli. Masisi ni nchi ya vivuli. Vijiji viwili vinavyoonana kwa macho huenda kimoja kikapata redio na kingine kisipate. Walikale kuna msitu, na umbali. Mwishoni mwa Julai 2010, katika vijiji vilivyo kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo, watu zaidi ya 300 walibakwa katika muda wa siku nne, na askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Kibua, kilomita zipatazo thelathini tu, walisema hawakupata habari kwa wakati. Simu hazikuwa na mtandao huko. Utafiti wa usikilizaji unaofanywa kwa simu, njia inayopendwa zaidi siku hizi kwa sababu ni rahisi na salama kwa mhojaji, usingemfikia mtu wa Luvungi. Hivyo wale ambao mchezo ulidaiwa kutungwa kwa ajili yao ndio wasioonekana kabisa katika hesabu yake.

Ndani ya nyumba nako hesabu hupinda. Redio katika kaya za vijijini aghalabu ni mali ya mume. Yeye ndiye anunuaye betri, naye huondoka nayo anapoenda kwenye mazungumzo na wenzake. Mke yuko shambani au jikoni, watoto wamekwenda kuteka maji. Mhojaji akifika anauliza "Je, nyumba hii ina redio?" na kuandika ndiyo, kisha nyumba nzima ya watu wanane inahesabiwa kuwa imefikiwa. Kinyume chake pia hutokea. Redio moja iliyowekwa dirishani mwa kibanda cha kuchajia simu huko Rubaya huweza kukusanya watu thelathini, na hakuna hojaji inayoigusa, maana si ya kaya yoyote. Sinema nazo, zilizotafsiriwa na wasimulizi wa Kiswahili wa Afrika Mashariki, huingia katika nyumba za video za migodini, ambako nakala moja hutazamwa na umati mzima, kisha huhamishwa kutoka simu hadi simu kwa kadi ndogo. Hakuna aliyewahi kuwahesabu watazamaji hao, ingawa huenda ndio hadhira kubwa kuliko zote za Kiswahili katika eneo hilo.

Isidhaniwe kwamba hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Makampuni ya nje yanayopeleka filamu za kifamilia majumbani kwa intaneti, yenye mitambo inayoandika kila dakika inayotazamwa, yamekutana na shida ileile. Mwanzoni mwa 2020 Netflix ilianza kumhesabu kuwa mtazamaji kila aliyefungua filamu kwa dakika mbili. Mwaka 2021 ikaacha hilo na kuhesabu saa. Mwaka 2023 ikaanza kuzigawa saa hizo kwa urefu wa filamu. Filamu haikubadilika, na watu hawakubadilika. Ila maana ya neno "kutazama" ilibadilishwa na mwenye duka. Kuanzia mwaka 2025 kampuni hiyo iliacha pia kutangaza kila robo mwaka idadi ya wanaolipa ada, idadi ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ushahidi wake mkuu wa kufanikiwa. Na akaunti moja hutumiwa na baba, mama na watoto, kama redio ya Masisi. Mashine inajua kwamba kioo kilikuwa kinawaka. Nani alikuwa mbele yake, na kama alikuwa macho, haijui.

Chumvi

Katika hali kama hiyo, utafiti wa Elizabeth Levy Paluck uliochapishwa mwaka 2010 ni wa thamani kubwa, na inasikitisha kwamba wahakiki wa Kiswahili hawajaujadili vya kutosha, ingawa unahusu mchezo wenye jina la Kiswahili. Kwa mwaka mzima, katika baadhi ya maeneo ya mashariki mwa Kongo, mchezo ulirushwa peke yake. Katika maeneo mengine ulifuatwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji kuujadili mchezo na kufikiri juu ya hali ya watu wa makundi mengine. Kwa mawazo ya kawaida, kipindi cha pili kingepaswa kuzidisha faida ya cha kwanza. Na kweli, waliokisikia walizungumza zaidi. Kama kipimo kingekuwa wingi wa mazungumzo, mwitikio wa hadhira kama unavyoitwa, kipindi hicho kingepewa tuzo.

Lakini mtafiti hakuishia hapo. Washiriki walipewa chumvi kama zawadi, kisha wakaulizwa kama wangependa kuwagawia watu wa kundi wasilolipenda. Wasikilizaji wa maeneo yaliyopata kipindi cha mazungumzo walikuwa wagumu zaidi kutoa. Walionekana pia kuwa na uvumilivu mdogo zaidi, na kuyakumbuka zaidi madhara waliyotendewa na wengine.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kisaikolojia, kama alivyofanya mtafiti mwenyewe. Yanaweza pia kusomwa kifasihi, na usomaji huu wa pili unaeleza jambo ambalo wa kwanza hauligusi. Hadithi ina wahusika wa kubuni, vijiji vya kubuni, makosa yaliyotendwa na watu wasiokuwapo. Umbali huo ndio unaomwezesha msikilizaji kumhurumia mtu wa kundi jingine bila kujisaliti mwenyewe. Kipindi cha mazungumzo, kwa nia njema kabisa, kiliuondoa umbali huo. Kilisema: sasa tuliseme jambo hili kwa habari yetu wenyewe. Mara moja kijiji cha kubuni kikawa kijiji halisi, na mhusika mwovu akapata jina, ukoo na shamba lenye mgogoro. Msikilizaji aliambiwa akumbuke kesho, akakumbuka Ntoto. Kitenzi kilirudi kwenye njia yake ya kawaida, kikaelekea nyuma.

Inafaa kulinganisha na matokeo ya utafiti wa mtu huyohuyo nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2009, juu ya Musekeweya. Huko imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani kuwa ni desturi inayokubalika katika jamii, na jinsi walivyoamua mambo ya pamoja. Walipopewa redio ya kaseti ya kijiji, hawakumkabidhi kiongozi wa eneo kama walivyofanya wenzao waliosikiliza mchezo mwingine, bali walikubaliana kuitunza wenyewe kwa pamoja. Hilo ni badiliko dogo, na hakuna asilimia ya usikilizaji ambayo ingelionyesha.

Je, ifuatwe basi rai kwamba hadithi iachwe ifanye kazi peke yake na mjadala ukomeshwe? Hapana. Penina Mlama, katika kitabu chake cha 1991 juu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, aliwatetea wananchi kama washiriki wa utungaji, si wapokeaji wa ujumbe uliokwisha kufungashwa. Hoja yake haijabatilishwa na chumvi ya Kivu. Kipindi cha mazungumzo hakikuwa ushiriki katika utungaji. Kilikuwa mwaliko wa kujibu maswali ya studio baada ya hadithi kwisha. Msikilizaji hakuweza kuibadilisha hadithi. Aliloweza kuleta ni malalamiko yake, na ndiyo aliyoyaleta.

Shekarisi na hadhira yake

Walikale yenyewe ina mfano wa kale wa hadhira iliyopimwa kwa njia nyingine. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alimsikiliza Rureke, fanani wa Kinyanga, akiighani hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Mwaka 1969 akaichapisha pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga mwenyewe. Katika utendi huo, shujaa anapokuwa mtoto hufungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na ngoma hiyo huibuka ikiimba. Sauti hutoka ndani ya kitu kilichofungwa, na walio ukingoni huisikia. Mtu anaweza kusamehewa akiona hapo redio iliyotangulia redio.

Shekarisi hakuhesabu vichwa. Alijua kama amefaulu kwa kuitikiwa. Wasikilizaji walipokea viitikio, walipiga makofi na ala, na msimulizi aliposimama na kudai zawadi walitoa, au walizuia. Aliyechoka aliondoka machoni pa watu wote. Kipimo hicho kilikuwa hapohapo, kilikuwa na gharama kwa anayepima, na kiliweza kumgeuza fanani akiwa katikati ya kisa. Haifai kukipamba kupita kiasi. Hadhira ya shekarisi ilikuwa ndogo na ya jamii moja. Zawadi zingeweza kuwa za kujipendekeza. Na Kinyanga chake kisingefika kwa Mhutu wa Mweso. Kwa sababu hiyo hasa Kiswahili na redio vinahitajika. Lakini ni kipimo cha kutendana, na hojaji ya ndiyo na hapana haina kutendana ndani yake.

Kipimo kimoja kiko karibu na uwezo wa idara za Kiswahili, na hakihitaji mitambo. Ni kumwomba msikilizaji asimulie upya sehemu aliyoisikia, kwa lugha aitakayo, na kuinukuu kama alivyoisema. Aliyepitiwa tu na sauti hataweza kusimulia. Aliyeielewa ataweza. Aliyeguswa ataongeza ya kwake, na mahali anapoongeza ndipo pa kuangaliwa: kama mhusika mwema amehamishiwa ukoo wa msimulizi, kama mhusika mwovu amepewa lafudhi ya jirani, kama mwisho wa upatanisho umerukwa. Wanafunzi wa Goma waliotoka Masisi na Walikale wanazo lugha za kufanyia kazi hiyo, na kazi za darasani juu ya ngano hufanyika kwa njia hiyohiyo. Masimulizi arobaini yaliyokusanywa Nyabiondo na Kibua, pande mbili za wilaya hizo, yangesema juu ya mchezo wa redio mambo ambayo mamilioni ya kwenye ripoti hayajayasema. Na mahali pa kuanzia pangekuwa kwenye neno la kwanza la hojaji, ambako mhojaji angelazimika kuchagua, mbele ya anayehojiwa, kama anamuuliza alichosikia au alichosikiliza, na kisha kumuuliza ni nani aliyekuwa ameketi naye.